Nimejenga upya injini ya 5A uani kwangu: miezi minne, yote yaliyoniharibikia na nilichojifunza

MLETA UZI

Wakuu, habari za majukumu.

Toyota Carina Ti yangu, injini 5A-FE, wiki iliyopita imetimiza kilomita 3,000 tangu nilipoijenga upya injini yake uani kwangu Tabata. Nilipanga wiki tatu. Ikaenda miezi minne, na gia boksi ilishuka mara mbili. Nimeamua niyaandike hasa yale yaliyoniharibikia, kwa sababu nilipokuwa nahangaika nilikuta wengi wameeleza walivyofanikiwa tu, wakati mimi nilitaka kujua mtu anakwama wapi na anatokaje.

Mimi si fundi wa kusomea. Nina spana zangu, nimewahi kubadilisha breki, shokapu na mkanda wa taimingi, basi. Mafundi mliobobea karibuni mnisahihishe.

Ilivyoanza: mwaka jana mwezi wa nane nilikuwa napanda Iringa na familia. Ruaha Mbuyuni tumepita salama, tukaanza Kitonga nyuma ya lori la mizigo linalotembea mwendo wa mtu kwa miguu, AC imewashwa kwa ajili ya mtoto. Katikati ya mlima mshale wa temperecha ukaanza kupanda. Nikajiambia nimalize kona mbili nipate pa kuegesha. Hizo kona mbili ndizo zilizoniulia injini. Ukiona mshale umevuka pale ulipozoea, simama hapohapo penye usalama, zima AC, zima injini. Usimalizie kona.

Tulivutwa hadi Ilula. Nilipochomoa kijiti cha oili kilitoka na kitu cha rangi ya chai ya maziwa. Maji yameingia kwenye oili.

Chanzo chake kilikuwa cha zamani. Fundi mmoja alishanitolea thamostati, ile vali inayozuia maji mpaka injini ipate joto, miaka ya nyuma akisema nchi ya joto haiihitaji, nikakubali. Nikawa naongeza maji ya bomba, sijui kulanti, yale maji maalumu ya rejeta. Nilipokuja kuipasua ile rejeta, mirija ya chini ilikuwa imezibwa na tope la kutu, na mfuniko wake mpira umekwisha. Mfuniko mzima hubana presha ya karibu bar 0.9, na kwa presha hiyo maji hayachemki mpaka yapite nyuzi 115. Mfuniko ukichoka yanachemka kwenye 100 kama ya sufuria, na juu ya mlima hata kabla ya hapo. Bloku ya 5A, yaani mwili wenye silinda, ni chuma cha kumimina (cast iron), na hedi inayokaa juu yake ni aluminiamu. Zikipata moto kupita kiasi hedi inatanuka kuliko bloku, inajikunja, gasketi iliyo katikati yao inaachia.

Kabla ya kushusha nilipima kompresheni, yaani presha ya kila silinda inapobana hewa: psi 150, 95, 90, 140. Kwa injini hizi ikiwa mpya ni psi 191, chini kabisa inayoruhusiwa ni 142, na silinda na silinda zisipishane zaidi ya 14. Ya pili na ya tatu kuanguka pamoja ni gasketi imekatika katikati yao. Ila ya nne nilipotia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi na kupima tena ikapanda sana, na hiyo ni ringi, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni, zimekwisha. Gari ilikuwa tayari inakula karibu lita moja ya oili kila kilomita 1,000 na asubuhi inatoa moshi wa bluu. Ndiyo maana sikuishia kwenye gasketi.

MCHANGIAJI, MWANZA

Mkuu pole sana. Kwa nini hukununua injini ya mtumba ukafunga siku moja ukamaliza? 5A zimejaa Kariakoo.

MLETA UZI

Mkuu nilifikiria. Nilikwenda mtaa wa Gerezani, karibu na Kariakoo, nikaonyeshwa tatu. Hakuna hata moja niliyoruhusiwa kupima kompresheni wala kufungua kifuniko cha vali, wananiwashia kwa betri chini pale dakika moja. Nami nilikuwa natoka kuumizwa na injini ambayo historia yake siijui. Kwa gharama sitawadanganya: nilitumia zaidi kidogo ya bei ya injini ya mtumba, na hapo kazi ya mikono sijaihesabu. Mwenye gari ya biashara inayomlisha kila siku, namshauri anunue ya mtumba. Mimi nilikuwa na usafiri mwingine wa kwenda kazini.

Sasa tuingie kazini.

Kosa la kwanza lilikuwa kwenye kufungua, siku ambayo niliona mambo yanakwenda vizuri kuliko zote. Nilikuwa naandika namba kwa maka peni kwenye kila kitu: konrodi (mikono inayounganisha pistoni na kranki, ule mhimili mkuu unaozunguka), vifuniko vyake, pistoni. Nimepanga vizuri kwenye beseni. Jioni nikaviosha vyote kwa mafuta ya taa, na nilipoinua kipande cha kwanza hakina hata alama moja. Mafuta ya taa yamefuta wino wote.

Vifuniko vya beringi kubwa za kranki havikunisumbua, vimechongwa namba 1 hadi 5 na mshale wa kuelekea mbele. Shida ni konrodi. Kila konrodi na kifuniko chake vilichongwa pamoja kiwandani vikiwa vimefungwa. Ukimpa huyu kifuniko cha yule, tundu haliwi duara tena na beringi inabanwa upande mmoja. Ikabidi nizipeleke zote zikapimwe duara, siku nne zikapotea. Siku hizi natumia panchi: nukta moja kwa silinda ya kwanza, mbili kwa ya pili, na kuendelea, upande mmoja wa konrodi na kifuniko chake, kabla nati haijalegezwa.

Shimu za vali nazo. Injini hii ina vali 16 na juu ya kila moja kuna kishimu chenye unene wake. Hizo niliziokoa kwa sababu mke wangu aliniletea trei ya mayai. Nikaikata pembe moja kuonyesha mbele ya injini, nikatoboa karatasi za namba nikabandika, kila shimu kwenye shimo lake. Katika vifaa vyote vya kazi hii, ile trei ndiyo iliyonisaidia kwa gharama ndogo kuliko yote.

Hapo ndipo alipoingia mzee mmoja jirani yangu, fundi mstaafu, alikuwa ametengeneza malori miaka mingi. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, akainama kwenye bloku bila kuniuliza kitu. Akapitisha ukucha wa kidole gumba kuanzia juu ya silinda kushuka chini. "Sikia hapa mwanangu." Nikapitisha wangu. Kama sentimita moja hivi kutoka juu ukucha unakwama, kuna kingo. Pale ringi ya juu inapoishia kupanda, chuma cha juu yake hakijaguswa, cha chini kimeliwa. Akasema ringi mpya ndani ya silinda hii utapoteza hela tu, itabidi ipanuliwe.

Karakana wakapima wakaniambia twende 0.50. Silinda ya 5A ni milimita 78.7, ikipanuliwa inakuwa 79.2. Ushauri wa mzee nilioushika: usiruhusu bloku ichongwe kabla pistoni hazijafika mkononi. Mchongaji apime pistoni zako mwenyewe, achonge kila silinda kwa pistoni yake. Usimpe namba tu kwa mdomo.

MCHANGIAJI, MOMBASA

Hapo umenena kweli ndugu yangu. Mimi niliwahi kuchongesha kwanza, kisha pistoni za saizi hiyo zikakosekana mji mzima. Bloku ilikaa miezi miwili.

MLETA UZI

Pole ndugu. Na hata ukiwa nazo mkononi bado. Hili la ringi nataka nilieleze kwa kirefu.

Nilinunua seti ya pistoni na ringi, boksi limeandikwa 0.50 juu, muhuri safi, plastiki haijafunguliwa. Pistoni zikapimwa, ni 0.50 kweli. Ringi sikuzipima, kwa sababu zilikuwa kwenye boksi lilelile. Bloku ikarudi inang'aa, nikawa na hamu ya kufunga. Ilikuwa Jumamosi jioni, nimeshavalisha ringi kwenye pistoni mbili, nikakumbuka mzee aliniambia nipime mwanya. Nilitaka kuruka hatua hiyo. Nikasema acha nipime moja tu.

Unaichukua ringi peke yake, unaiingiza kwenye silinda yake, unaisukuma chini kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa bila kulala upande. Kisha unapima mwanya wa ncha zake kwa fila geji, yale mabapa membamba ya kupimia nafasi. Ya juu inatakiwa iwe kati ya milimita 0.25 na 0.45. Nikaweka bapa la 0.45, likapita bila kugusa. Nikaunganisha mabapa, 0.80, likapita. Nikafika 1.80 ndipo likashika.

Nikakaa chini. Nikajaribu silinda nyingine, hivyohivyo. Nikachukua karatasi nikapiga hesabu: silinda ikiongezeka upana milimita 0.50, mzunguko wake unaongezeka 0.50 mara 3.14, yaani 1.57. Toa 1.57 kwenye 1.80 unabaki na 0.23, karibu na ile 0.25 ya kawaida. Ringi zilikuwa STD, yaani saizi ya kiwandani kabla ya kupanua. Pistoni za 0.50, ringi za STD, boksi moja.

Ningezifunga, gari ingewaka. Ingetembea. Ingekula oili kuliko mwanzo, nami ningemlaumu mchongaji wa watu. Muuzaji alinibadilishia, lakini nilirudi kwake mara tatu, na niliporudishiwa nilikuwa nimebeba fila geji mfukoni na kipande cha silinda ya zamani nilichoomba karakana. Tangu siku hiyo sikufunga kitu chochote kwa kuamini maandishi ya boksi. Beringi za kranki nilizipima kwa plastigeji, kile kiuzi laini unakilaza kwenye kranki, unafunga kifuniko kwa nguvu kamili bila kuzungusha, unafungua, unasoma kimetandazika kiasi gani. Nafasi ya hapo ni sehemu chache za mia za milimita, macho hayawezi kukuambia.

Usafi. Wengi huosha bloku kwa petroli baada ya kuchongwa, nami nilifanya hivyo. Mzee akachukua kipande cha shuka nyeupe, akakilowesha oili kidogo, akafuta ndani ya silinda niliyoita safi. Kitambaa kikatoka cha kijivu. Ule ni unga wa jiwe la kusugulia, umejificha kwenye mikwaruzo, na petroli haiutoi. Tukaosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, brashi ngumu, ndoo baada ya ndoo, mpaka shuka likatoka jeupe. Kausha haraka na paka oili papo hapo, kwa unyevu wa Dar kutu inaanza wakati bado unatafuta kitambaa. Matundu ya oili ya bloku na kranki pitisha brashi nyembamba na upepo; kwangu kwenye tundu moja la kranki kulitoka kipande cha chuma kama ukucha wa mtoto.

Hedi ilikuwa imejikunja 0.20 katikati, wakati kikomo ni 0.05. Ikachongwa, vali zikasagwa. Kuzijaribu: geuza hedi, plagi zikiwemo, mimina petroli kwenye kila chumba, subiri. Mbili zilivuja, nikarudia kusaga. Hapo hakuna la zaidi.

MCHANGIAJI, DODOMA

Mleta uzi, boliti za hedi ulifunga kwa toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, au kwa mkono? Mafundi wetu huku wanasema mkono umeshazoea.

MLETA UZI

Toki renchi mkuu, na bado nilikosea.

Boliti za hedi ziko kumi, na hazilingani urefu. Tano za upande wa manifodi ya kuingiza hewa ni milimita 90, tano za upande wa ekzosi ni 108. Mimi nilizimwaga kwenye kopo moja. Wakati wa kurudisha, moja ndefu ikaingia kwa wenzake wafupi. Nilipofunga, toki renchi ikalia mapema kuliko zile nyingine, nikaona kichwa cha boliti kimesimama juu kidogo. Imegota chini kabla haijakamata hedi. Ningekuwa nafunga kwa mazoea ya mkono ningeikaza tu mpaka kitu kivunjike.

Jambo jingine la hapo hapo: yale matundu kwenye bloku yanabaki na maji au oili baada ya kuosha. Boliti ikiingia kwenye tundu lenye maji, maji hayana pa kwenda, yanaweza kupasua bloku. Kausha kila tundu kwa upepo na kitambaa kwenye bisibisi. Kisha paka oili kidogo kwenye meno ya boliti na chini ya kichwa. Unaanzia katikati kwenda nje, kwa raundi, hadi 29 Nm, halafu unaweka alama ya rangi mbele ya kila kichwa, unazungusha nyuzi 90, halafu 90 tena. Alama zote zikitazama nyuma, umemaliza.

Silikoni ya kuzibia maungio: mafundi mnaoipaka kwenye sampo (bakuli la oili la chini) msinielewe vibaya, inatumika. Ila nyembamba. Ile inayojibinya kwenda ndani inakatika, inaenda kuziba chujio la pampu ya oili.

MCHANGIAJI, MOMBASA

Na siku ya kuwasha? Wengi hufia hapo.

MLETA UZI

Siku ya kuwasha nilikuwa na majirani wanne wamesimama, watoto wamekaa ukutani. Nikapiga stata, ikashika mara ya pili. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa natazama taa nyekundu ya oili. Sekunde ya tatu, ya tano, haizimi. Kwenye sekunde ya nane nikazima. Makofi yakakatika.

Pampu ya oili ya injini hii iko mbele, inazungushwa na kranki yenyewe. Nilikuwa nimeiosha vizuri nikaifunga ikiwa kavu. Gia zake zikiwa kavu hazivuti, zinazunguka hewa. Ilitakiwa nizijaze mafuta ya mgando kabla ya kuifunga. Hayo hubana hewa pampu ikavuta, kisha yanayeyuka kwenye oili bila kudhuru. Sasa imeshafungwa. Nikaenda duka la dawa nikanunua sirinji kubwa, nikafungua filta, nikasukuma oili taratibu kwenye tundu linalotoka pampu mpaka ikagoma kuingia. Nikajaza filta, nikafunga. Nikachomoa plagi zote nne na soketi ya distributa ili isiwake, nikapiga stata kwa vipindi vya sekunde kumi kumi. Kipindi cha tatu taa ikazima. Hapo ndipo nilipoweza kumeza mate.

Beringi hazikudhurika kwa sababu nilikuwa nimezipaka oili nzito wakati wa kufunga. Zile sekunde nane zilibebwa na hiyo. Kwa hiyo wakuu, plagi nje, stata mpaka taa izime, ndipo uwashe. Iwe injini yoyote.

Nikadhani nimemaliza. Siku ya tatu nikakuta tone la oili chini, katikati ya injini na gia boksi. Nikafuta, kesho yake matone matatu. Ni sili ya nyuma ya kranki, ule mpira wa kuzuia oili isitoke. Niliigonga kwa nyundo upande mmoja ikaingia imelala, na mdomo wake sikuupaka oili. Sili ndogo ya bei ya chakula cha mchana, lakini kuifikia ni kushusha gia boksi yote tena. Nililala siku mbili bila kuigusa gari, kusema kweli nilikata tamaa hapo kuliko Kitonga. Mara ya pili niliisukuma kwa kipande cha bomba la plastiki lenye upana sawa nayo, nikigonga kwa zamu kuzunguka. Kavu mpaka leo.

MCHANGIAJI, MWANZA

Kama ni otomatiki, tokikonveta (lile bakuli linalounganisha injini na gia boksi) ulihakikisha imeingia mpaka mwisho kabla ya kufunga gia boksi? Nimeona watu wakivunja pampu ya gia hapo.

MLETA UZI

Asante mkuu, hilo ni muhimu na nililisahau kuandika. Unaizungusha ukiisukuma mpaka uisikie imeingia kwa hatua, na gia boksi igusane na bloku kwa mkono, bila kuvutwa na boliti. Ukiona pamebaki mwanya, usikaze boliti kuuziba. Toa, rudia.

Kuhusu kuzoesha ringi, maana nimeulizwa inboksi na wawili: sikuiacha iwake imesimama bila kutembea muda mrefu. Ringi zinahitaji mzigo ili zikae kwenye silinda. Ilipopata joto nikatoka nayo usiku barabara ikiwa wazi, nakanyaga kiasi, naachia, nakanyaga, naachia. Kilomita 500 nikamwaga oili, ilikuwa na unga wa chuma unaong'aa, nikabadilisha na filta. Thamostati nimeirudisha, inafunguka nyuzi 82 hivi, rejeta mpya, kulanti. Kompresheni sasa ni 185, 183, 186, 185. Oili kwenye kijiti kutoka badiliko la kilomita 500 mpaka leo haijashuka ya kuonekana.

MCHANGIAJI, DODOMA

Mkuu, hiyo toki renchi na fila geji nazipata wapi kwa bei ya mtu wa kawaida? Nina 4A imelala nyumbani tangu Pasaka.

MLETA UZI

Fila geji ni bei ndogo, maduka ya vifaa vya gereji Kariakoo zipo, chagua yenye mabapa kuanzia 0.05. Toki renchi nzuri ni ghali, nami ya kwangu niliazima kwa yule mzee kabla ya kununua. Ukija Dar nitakuazima. Ukimaliza kuitumia tu, irudishe hadi alama yake ya chini kabla ya kuiweka, springi ikikaa imebanwa inaanza kudanganya. Na usianze kufungua hiyo 4A mpaka umepata panchi na trei ya mayai.